HESABU YA HANANIA NA HESABU YA YEREMIA

Masomo: Yeremia 28:1-17, Yeremia 29:1-14, Yeremia 32:9-15, Luka 14:28-30



Katika jamaa nyingi za kanisa letu kuna mtu mmoja aliye mbali. Ni mume, au mke, au mtoto mkubwa. Aliondoka kwa sababu ya vita au ya kutafutwa, akapita njia ndefu, akafika Marekani, akaomba hifadhi. Miaka ikapita. Kisha simu ikalia usiku: amepewa hifadhi! Tukaimba, tukapiga ngoma, tukatoa shukrani madhabahuni. Na kesho yake swali jipya likaanza: kadi ya makazi itatoka lini? Ile ambayo watu wanaiita kadi ya kijani, itatoka lini? Na sisi tuliobaki, tutaungana naye lini?

Swali hilo tunalisikia katika maombi ya usiku, katika siku za kufunga, na mbele ya wale wenye karama ya maono. Si swali baya. Mama anayelea watoto wanne peke yake ana haki ya kuuliza siku. Lakini kuna namna mbili za kuhesabu siku, moja inaokoa jamaa, nyingine inaivunja. Tuingie katika Neno.

1. MANABII WAWILI MBELE YA WATU

Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka mpaka Babeli. Waliobaki Yerusalemu walikuwa wanauliza kama sisi: watarudi lini? Katika mwaka wa nne wa mfalme Sedekia, mwezi wa tano, akasimama hekaluni nabii mmoja jina lake Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni. Akasema mbele ya makuhani na watu wote kwamba haitapita miaka miwili, vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, mateka wote watarudi. Akaishika nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja, watu wanatazama.

Fikirini furaha ya siku ile! Kila mama aliyekuwa na mtoto Babeli alirudi nyumbani akihesabu miezi 24.

Na Yeremia alifanya nini? Kwanza alijibu Amina. Soma fungu la 6, utaona. Yeremia hakuwa mtu wa kupenda habari mbaya. Naye alitamani watu warudi upesi. Lakini baadaye Bwana akampa neno la kweli: nira ya mti imevunjwa, na mahali pake itakuwa nira ya chuma. Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba, yaani miezi miwili tu baada ya kutoa tarehe yake. Tena Yeremia akawaandikia mateka barua, sura ya 29, akawaambia hesabu ya kweli: miaka 70.

Wapendwa, Hanania alikosea wapi? Kusema mateka watarudi hakukuwa kosa, kwa maana Yeremia naye alisema watarudi. Kosa lake ni kutoa tarehe ambayo Mungu hakumpa, kwa sababu watu waliipenda. Na tarehe ya uongo ina madhara, hata ikisemwa kwa upendo. Aliyeambiwa miaka miwili hajengi nyumba. Halimi shamba. Hasomeshi mtoto. Anakaa juu ya mizigo yake akiwa amevaa viatu, na miaka inampita.

2. HESABU YENYEWE IKO NAMNA GANI

Sasa tuje kwenye jambo letu. Bwana Yesu katika Luka 14 anatufundisha habari za mtu anayetaka kujenga mnara: anakaa kwanza, anahesabu gharama. Nasi tukae, tuhesabu. Katika sheria ya Marekani kuna hesabu tatu, na watu wengi wanazichanganya kuwa moja.

Hesabu ya kwanza ni mwaka wa sheria. Mtu akipewa hifadhi, inampasa kukaa ndani ya Marekani muda wa mwaka mmoja, ndipo aweze kupewa makazi ya kudumu. Siku alizokaa nje ya nchi hazihesabiwi ndani ya mwaka huo. Maombi yanafanywa kwa fomu inayoitwa I-485. Tangu Februari 2023 biro ya uhamiaji ilieleza kwamba mwaka huo unatakiwa kuwa umetimia siku ya uamuzi, hata kama fomu iliingia mapema. Kila mmoja katika jamaa aliyepewa hifadhi anajaza fomu yake, mume yake, mke yake, na kila mtoto yake.

Hapa ndipo uvumi unapozaliwa. Ndugu yetu anasema kwa simu: sheria inasema mwaka mmoja. Sisi huku tunasikia: baada ya mwaka mmoja kadi iko mfukoni. Sivyo! Mwaka ule ni mwaka wa kuruhusiwa. Ni kama mtoto anayeandikishwa shule: kuandikishwa kuna siku yake, na kupata diploma kuna siku yake.

Hesabu ya pili ni muda wa biro. Dosye ikiingia, wanatoa risiti yenye tarehe na namba. Wanamwita mtu kwa alama za vidole. Wanatazama karatasi ya daktari na ya chanjo. Wanachunguza jina lake. Wengine wanaitwa kuulizwa maswali, wengine hawaitwi. Muda huu hakuna sheria inayoufunga. Unaweza kuwa miezi, unaweza kupita mwaka, unaweza kupita zaidi.

Biro hiyo yenyewe inatangaza muda wake, lakini lazima kujua namna ya kuusoma. Namba wanayotangaza inatazama nyuma. Inasema: katika miezi 6 iliyopita, dosye 80 kati ya 100 zilimalizika ndani ya muda huu. Basi, watu 20 kati ya 100 walingoja zaidi ya namba hiyo, na hawakuwa na kosa lolote. Na tena, namba ya miezi iliyopita haiapi juu ya miezi inayokuja. Ni kama msafiri aliyefika jana kutoka Uvira anakuambia barabara ilimchukua saa ngapi. Habari yake ni njema, ichukue. Lakini mvua ya usiku huu yeye hakuiona.

Na mvua hunyesha kweli. Zamani sheria ya Marekani iliweka mpaka: watu wenye hifadhi waliopewa makazi walikuwa 10,000 tu kwa mwaka. Walioomba walikuwa wengi kupita mpaka huo, foleni ikarefuka hata ikafika zaidi ya miaka 10. Kulikuwa na watu waliozeeka katika foleni ile. Mwezi wa Mei 2005 sheria mpya iliondoa mpaka huo, na foleni ikaanza kufupika. Nani alijua mwaka 2000 kwamba mwaka 2005 mlango ungepanuliwa? Na upande mwingine, mwezi wa Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda dosye za makazi za wakimbizi na za wenye hifadhi, ikisema inataka kuwachunguza zaidi. Desemba 2025 ikasimamisha uamuzi juu ya maombi ya hifadhi, na pia dosye za watu wa nchi 19, na jirani zetu Burundi na Kongo-Brazzaville walikuwa ndani ya orodha ile. Nani alijua mwaka 2023 kwamba hayo yangefika? Orodha za namna hii hubadilika. Kwa hiyo anayeuliza leo amwulize avoka wa kweli, asimwulize jirani aliyepata kadi yake miaka mitano iliyopita.

Hesabu ya tatu ni ya kufika kwenye uraia. Hapa kuna jambo la kufariji ambalo wengi hawalijui. Siku kadi inapokubaliwa, tarehe ya kuwa mkaaji inarudishwa nyuma mwaka mmoja. Tuchukue mfano. Baba mmoja alipewa hifadhi tarehe 10 Machi 2022. Mwaka wake wa sheria ulitimia tarehe 10 Machi 2023. Aliingiza fomu Aprili 2023. Biro ilikubali Oktoba 2024. Kadi yake itaandikwa Oktoba 2023. Na miaka mitano ya kungoja uraia inaanza kuhesabiwa hapo, Oktoba 2023, si Oktoba 2024. Oktoba 2028 itakuwa imetimia, na anaweza kuingiza maombi siku 90 kabla. Sehemu ya kungoja kwake imehesabiwa, ingawa si yote.

Basi tazameni hesabu ya baba huyo. Tangu siku ya hifadhi mpaka kadi: miaka miwili na miezi saba. Mpaka uraia: zaidi ya miaka sita. Na bado hatujahesabu miaka aliyongoja kabla ya kupewa hifadhi. Hii ndiyo hesabu ya Yeremia. Ni ndefu. Lakini mtu anaweza kujenga nyumba juu yake.

3. MLANGO UNAOFUNGWA WAKATI WATU WANANGOJA

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jamaa zinapotea.

Wengi wanasema: akipata kadi, ndipo ataweza kutuita. Baba huko naye anasema: mke wangu, vumilia, kadi ikitoka nitaingiza majina yenu. Wote wawili wanapendana, wote wawili wanaomba, na wote wawili wanangoja mahali pasipo mlango.

Mtu aliyepewa hifadhi hana lazima ya kungoja kadi ili amwite mke wake na watoto wake. Kuna fomu nyingine, I-730. Anaweza kuiingiza tangu siku aliyopewa hifadhi. Lakini mlango huo uko wazi kwa miaka 2 tu tangu siku hiyo. Yule baba wa mfano wetu alikuwa na mpaka tarehe 10 Machi 2024. Kadi yake ilitoka Oktoba 2024. Kama alingoja kadi kwanza, alikuta mlango umefungwa tangu miezi saba! Biro inaweza kusamehe aliyechelewa kwa sababu ya huruma, lakini hiyo ni neema yao, hakuna anayeweza kuidai. Na akiwaita kwa njia ya kadi, wataingia katika foleni nyingine.

Mlango huo una masharti. Ndoa iwe ilikuwepo kabla ya siku ya kupewa hifadhi. Anayeoa baadaye hapiti hapo. Mtoto awe alikuwa chini ya miaka 21 siku mzazi alipoingiza maombi ya hifadhi, na awe hajaoa wala hajaolewa. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ya hifadhi anahesabiwa pia.

Sikieni hilo, wazazi, mashangazi na wajomba. Binti anafika miaka 18 au 19. Baba yake yuko mbali, pesa haziji kila mwezi. Anakuja mtu na mahari. Jamaa inasema: huyu tumwoze, mzigo upungue. Siku ile anapoolewa, jina lake linaanguka katika dosye ya baba yake. Haliinuki tena kwa njia hiyo. Hatusemi msichana asiolewe. Ndoa ni takatifu. Tunasema jamaa isiamue bila kumwuliza baba dosye iko wapi, na msichana mwenyewe ajue kitu gani anachoacha. Kumnyamazisha ni dhambi.

4. CHOMBO CHA UDONGO

Katika Yeremia sura ya 32 nabii yuko kifungoni, mji umezungukwa na adui, na Mungu anamwambia anunue shamba. Akalinunua kwa shekeli 17 za fedha. Akaandika hati, akaita mashahidi, akatia muhuri. Kisha akamwamuru Baruku aziweke hati zile katika chombo cha udongo, zipate kukaa siku nyingi.

Tazameni imani ya mtu huyu! Aliamini kwamba siku ya Mungu itafika, na kwa hiyo akatunza makaratasi. Kwetu wengine wanafikiri imani ni kinyume cha makaratasi. Wanakesha siku saba, lakini mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Wanafunga siku 21, lakini ndoa ilikuwa ya mahari tu, haikuandikwa popote katika biro ya leta. Siku dosye inapofunguka, wanaanza kukimbia.

Basi, wakati wa kungoja ni wakati wa chombo cha udongo. Mwenye ndoa ya kienyeji aiandikishe kwa leta, karatasi iseme tarehe ya kweli. Mtoto asiye na cheti atafutiwe hukumu ya mahakama inayochukua mahali pa cheti. Majina yaandikwe namna moja katika makaratasi yote. Mtoto aliyeitwa jina moja katika ubatizo, lingine shuleni na lingine katika dosye ya baba yake analeta maswali. Picha za arusi, barua, risiti za pesa alizotuma baba, vyote vitunzwe. Wakiomba kipimo cha ADN, mzazi asione haya wala hasira. Tena mjue kwamba mahojiano ya viza yanafanyika ubalozi wa Marekani kule Kinshasa. Kutoka Bukavu au Goma hiyo ni safari ya ndege na ya gharama, na tangu miji hiyo ilipoingia katika vita, Januari na Februari 2025, safari imekuwa ngumu zaidi. Anayeweza kuweka kidogo kidogo, aweke.

Na uongo usiingie katika chombo. Usiandike mtoto wa dada yako kama mtoto uliyemzaa. Tunajua kwamba kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Lakini biro inauliza juu ya uzazi au juu ya kupanga mtoto kwa sheria. Uongo mmoja unaweza kuangusha dosye nzima, na baba aliyeanza kwa kweli anamaliza kama mwongo.

5. JENGENI NYUMBA, PANDENI BUSTANI

Barua ya Yeremia haikuwapa mateka hesabu peke yake. Iliwapa kazi. Wajenge nyumba, wakae ndani yake. Wapande bustani, wale matunda yake. Waoze watoto wao. Wauombee amani mji ule, kwa sababu amani ya mji itakuwa amani yao.

Neno hilo ni kwa ndugu zetu walio mbali. Kuna wengi wa kwetu katika mji wa Portland, jimbo la Maine, ambako katika mwaka 2019 mamia ya watu, wengi wao wa Kongo na Angola, walipokelewa na kulazwa katika uwanja wa michezo. Tunawaambia wote: msingoje kadi ndipo muanze kuishi. Aliyepewa hifadhi anaruhusiwa kufanya kazi tangu siku ile. Anaruhusiwa kusoma. Hifadhi yake haiishi kwa sababu kadi imechelewa. Kwa hiyo jifunzeni lugha, tafuteni kazi ya halali, lipeni kodi, msiguse pombe na usukani, kwa maana kosa la mahakamani linaweza kuharibu dosye ya miaka mingi. Ukihama nyumba, wajulishe biro ndani ya siku 10. Kuna barua nyingi za wito zilizopotea kwa sababu mtu alihama akanyamaza.

Hata hapa Kongo tumeona jambo hili. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Wafuasi wake wengi walihamishwa kwa nguvu mpaka majimbo ya mbali, ambako hawakujua lugha wala watu. Hakuna aliyewapa tarehe ya kurudi. Lakini kule walikopelekwa walilima, walizaa, waliomba, na neno likaota mizizi mahali pale. Leta ililitambua kanisa lao tarehe 24 Desemba 1959. Aliyepanda mwaka 1925 hakuijua tarehe hiyo. Alipanda tu.

6. WANAOUZA TAREHE

Sisi ni kanisa linaloamini unabii. Hatuzimi Roho. Kwa hiyo ni sisi kwanza tunaopaswa kusema neno hili, tusiwaachie wengine watucheke.

Kuna mtu anayemwambia mama: nimeona kadi ya mume wako, iko mezani, imebaki sahihi moja, itatoka mwezi wa tatu, leta dola 100 za kufungua mlango. Mwezi wa tatu unapita. Anasema: kuna mchawi katika jamaa, leta dola 50 tumfunge. Mama anauza kitenge, anauza mbuzi, anaanza kumtazama mama mkwe kwa jicho baya. Tarehe ya uongo imezaa deni, na deni limezaa chuki.

Kumbukumbu la Torati 18 linatupa kipimo: nabii akitamka jambo kwa jina la Bwana lisitimie, hilo si neno la Bwana. Kipimo hicho kisitumike kwa manabii wa nchi nyingine tu. Kitumike katika parokia zetu. Mwenye karama ya kweli anaweza kukuombea, anaweza kukutia moyo, anaweza kukuonya. Akikuuzia mwezi na tarehe, mwambie kwa heshima: Baba, umeketi katika kiti cha Hanania.

Na kuna Hanania wengine wasiovaa kanzu. Kuna komisyonere anayesema ana mtu wake ndani ya biro. Hakuna mtu wake. Kuna anayejiita avoka naye si avoka. Pesa zinaliwa, na fomu inajazwa vibaya.

7. NENO KWA WALIOBAKI NA KWA WALIO MBALI

Kwenu mliobaki. Msimhukumu aliye mbali kwa hesabu ya uvumi. Mama mmoja anaambiwa kila siku na majirani: mwaka ulikwisha, kadi anayo, anakuficha, ana mwanamke mwingine. Anayesema hivyo hajui hesabu tatu. Dada, kabla ya kulia, uliza kwa upole: risiti ina tarehe gani? Fomu yetu sisi iliingia lini? Maswali hayo mawili yana thamani kuliko uvumi wa kartye nzima.

Tena msimlazimishe arudi kwa kilio. Mtu huyu alisema mbele ya maofisa kwamba kurudi Kongo ni hatari kwake. Akirudi kwa sababu ya matanga, wanaweza kumwuliza: hatari ile iko wapi? Anaweza kupoteza hifadhi yenyewe. Na akisafiri mahali pengine, ni lazima aombe kwanza karatasi ya safari ya mkimbizi. Kwa hiyo mama yake akifa naye hakuja, msiseme amelaaniwa. Mtoto anayelia peke yake chumbani, mbali na kaburi la mama yake, amebeba msiba mara mbili. Mpigieni simu, mwombe pamoja naye.

Kwenu mlio mbali. Semeni kweli. Mwanaume anaona aibu kusema sijui, basi anasema mwaka huu, kisha mwaka ujao, kisha Noeli. Kila tarehe inayopita inaondoa tofali moja katika nyumba yako. Mpe mke wako tarehe tatu unazozijua: siku uliyopewa hifadhi, siku mlango wa jamaa unapofungwa, na siku iliyoandikwa katika risiti. Yale usiyoyajua, sema huyajui. Yeremia aliwaambia watu miaka 70, nao hawakumkimbia Mungu kwa sababu hiyo. Danieli alikuja kuisoma hesabu ileile katika vitabu, sura ya 9, na iliposomwa ikamfanya apige magoti.

Hilo ndilo tunda la hesabu ya kweli, wapendwa. Hesabu ya uongo inamfanya mtu akae dirishani. Hesabu ya kweli inampigisha magoti, kisha inamwinua aende shambani.

TUOMBE

Ee Mungu wa Ibrahimu aliyekaa katika mahema, wewe uliyewaona mateka wa Babeli, uwaone na watu wetu. Uangalie dosye ambazo zimelala, na mikono itakayozifungua. Uwape waamuzi moyo wa haki. Uwalinde wake wanaongoja, na waume wanaokula peke yao. Uwalinde mabinti wasiuzwe kwa sababu ya njaa. Utuondolee kinywa cha Hanania, hata pale tunapotaka kumfurahisha mtu tunayempenda. Utupe hesabu ya kweli na nguvu ya kuibeba. Na siku jamaa itakapokutana, mapema au kwa kuchelewa, tukute nyumba imesimama na bustani ina matunda. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.